Kazi ya muuguzi bingwa katika utafiti wa dawa za saratani: mwongozo wa hatua kwa hatua

Mgonjwa aliye kwenye utafiti wa dawa mpya ya saratani huonana na daktari kwa dakika chache, mara nyingi mara moja kila wiki tatu. Siku zilizobaki yuko nyumbani na mwili wake. Akitapika usiku wa manane, akikumbuka kwamba hakumeza vidonge vya asubuhi, akiota vipele mgongoni, namba anayoipiga ni ya muuguzi wa utafiti. Anachokisikia muuguzi kwenye simu ile, na namna anavyokiandika, ndicho kitakachosomwa baadaye na watu wanaoamua kama dawa hiyo iwafikie wagonjwa wengine au iachwe.

Nimeandika mwongozo huu kwa muuguzi aliyezoea wodi ya saratani ambaye sasa amepangiwa kitengo cha utafiti. Wapo wanaodhani ni kazi ya makaratasi. Sivyo. Chama cha Wauguzi wa Marekani kiliitambua rasmi kuwa taaluma ya ubingwa mwaka 2016, na aliyewahi kuifanya anajua kwa nini: unamhudumia mgonjwa aliye mbele yako, na papo hapo unawahudumia wagonjwa ambao hujawaona, watakaopewa dawa hiyo miaka kadhaa ijayo. Maslahi ya hao wawili yakivutana, aliye mbele yako ndiye wa kwanza. Azimio la Helsinki, lililopitishwa na Chama cha Madaktari Duniani mwaka 1964, linasema hivyo.

Hatua ya 1: Igeuze itifaki iwe siku ya mgonjwa

Itifaki ni kitabu kinachoeleza utafiti mzima: nani aingie, apewe nini, lini, na apimwe vipi. Mara nyingi huzidi kurasa 100. Usianzie ukurasa wa kwanza. Anzia kwenye jedwali la ratiba, lile lenye mahudhurio juu na vipimo pembeni, kisha shika kalamu umtembeze mgonjwa wa kufikirika tangu anapoingia mlangoni hadi anapoondoka. Amefika asubuhi bila kula. Nani anamtoa damu? Majibu ya chembe nyeupe yanarudi saa ngapi? Famasia wanahitaji muda gani kuandaa dripu baada ya daktari kuidhinisha? Sampuli ya saa nane baada ya dawa inaangukia wakati gani, na maabara itakuwa wazi?

Mara ya kwanza nilipofanya zoezi hili niligundua kwamba tulipanga kuanza dawa Ijumaa, na sampuli ya saa 24 ingeangukia Jumamosi, siku ambayo hakukuwa na mtu wa maabara. Tukahamishia siku ya kuanza Jumatatu kabla mgonjwa hata mmoja hajaingia. Kasoro ya namna hii ikigunduliwa mapema inarekebishwa kwa barua pepe moja. Ikigunduliwa mgonjwa akiwa ameshachomwa sindano, sampuli imepotea na mtu amechomwa bure.

Ijue pia awamu ya utafiti wako. Awamu ya 1 inatafuta dozi salama kwa watu wachache, na katika saratani wengi wao wameshapitia tiba zilizopo. Awamu ya 2 inaangalia kama uvimbe unapungua. Awamu ya 3 inailinganisha dawa mpya na tiba bora inayotumika sasa, kwa mamia au maelfu ya watu. Awamu ya 4 hufuata dawa ikiwa imeshaidhinishwa. Kwenye awamu ya 1 orodha ya madhara ndiyo kwanza inaandikwa, na wewe ni mmoja wa waandishi wake. Hakuna dalili ya kuipuuza eti haimo kwenye kijitabu cha dawa.

Kabla ya kufanya lolote, tazama orodha ya mgawanyo wa majukumu ambayo mtafiti mkuu ameisaini. Kama jina lako halipo mbele ya kazi fulani, usiifanye, hata kama umeifanya wodini miaka kumi.

Hatua ya 2: Hakiki sifa za mgonjwa kwa macho yako

Kila utafiti una masharti ya kuingia na masharti ya kuzuia. Daktari ndiye anayeamua, lakini wewe ndiye unayekaa na faili na kulinganisha kila sharti na hati yake halisi: majibu ya nyama iliyopimwa, picha ya CT, damu ya figo na ini. Angalia tarehe kwa makini. Itifaki inaweza kutaka picha iwe imepigwa ndani ya siku 28 kabla ya dozi ya kwanza, na damu ndani ya siku 7. Picha ya siku ya 29 haifai, hata ionyeshe nini.

Sharti moja linalomtegemea sana muuguzi ni hali ya mgonjwa kimwili, inayopimwa kwa kipimo cha ECOG. Namba 0 ni mtu anayefanya shughuli zake zote kama zamani, 1 anashindwa kazi nzito tu, 2 anajihudumia mwenyewe lakini hawezi kazi, ingawa zaidi ya nusu ya muda anaokuwa macho yuko kwa miguu, 3 yuko kitini au kitandani zaidi ya nusu ya muda huo, 4 hajiwezi kabisa, 5 amefariki. Tafiti nyingi hupokea wa 0 na 1. Daktari humwona mgonjwa akiwa ameshaketi, amevaa vizuri, anatabasamu kwa sababu anaitaka sana nafasi hiyo. Wewe ulimwona akitoka kwenye benchi hadi mlangoni, akisimama mara mbili na kushika ukuta. Liseme hilo kwa daktari kabla namba haijaandikwa.

Ni vigumu kumwambia mtu mwenye matumaini kwamba amekosa kwa kipimo kimoja kilichopungua kidogo. Kishawishi cha kumsaidia kwa kusogeza tarehe kipo, na hakitokani na ubaya wa moyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 iligundulika kwamba daktari mmoja wa Montreal, Kanada, alikuwa amebadilisha tarehe na taarifa nyingine ili wagonjwa wasiostahili waingie kwenye tafiti kubwa za saratani ya matiti. Habari hizo zilipofika magazetini mwaka 1994, wanawake waliokuwa wamechagua kuondolewa uvimbe tu badala ya titi zima walipata hofu kwamba wameamua kwa kutegemea matokeo ya uongo. Hesabu zilipigwa upya bila wagonjwa wake na jibu likabaki lilelile, lakini miezi ile ya mashaka hakuna aliyeweza kuwarudishia.

Masharti ya kuzuia yana sababu zake pia. Figo dhaifu zinaweza kuigeuza dozi ya kawaida kuwa sumu. Ukimwambia mgonjwa amekosa, mwambie sababu hiyo, na umpe papo hapo jina la mtu atakayeendelea kumtibu na tarehe ya kumwona. Asitoke mikono mitupu.

Hatua ya 3: Ridhaa: kaa naye baada ya daktari kuondoka

Hapa nitachelewa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nimeona makosa mengi yakianzia.

Kwa kawaida daktari ndiye anayeeleza utafiti, ingawa zipo nchi na tafiti zinazomruhusu muuguzi aliyefunzwa kuichukua ridhaa. Vyovyote iwavyo, mgonjwa humwambia daktari "nimeelewa" kwa heshima, kisha anakugeukia wewe. Mwaka 1982 daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, Paul Appelbaum, na wenzake walieleza tatizo ambalo kila muuguzi wa utafiti amekutana nalo: mgonjwa anadhani kila kitu kwenye utafiti kimepangwa kwa manufaa yake yeye binafsi. Kumbe utafiti umepangwa kujibu swali. Huenda akafaidika, huenda asifaidike.

Usimuulize kama ameelewa. Mwombe akueleze. Mazungumzo yanaweza kwenda hivi:

"Mama, hebu nielezee kama unavyomweleza mwanao nyumbani. Utafiti huu unafanya nini?"

"Sista, wananipa dawa mpya, maana ile ya zamani imeshindwa."

"Na nani anayechagua upate dawa ipi?"

"Si daktari? Yeye ndiye anayeujua ugonjwa wangu."

Jibu hilo linakuonyesha pa kuanzia. Rudi polepole: kuna makundi mawili, moja linapata dawa mpya, jingine linapata tiba inayotumika sasa. Kompyuta ndiyo inayopanga, kama kura. Daktari hachagui, mimi sichagui, nawe huchagui. Kisha mwombe aeleze tena. Kama utafiti una plasebo, yaani kidonge kisicho na dawa ndani, mweleze kwamba katika saratani, palipo na tiba inayojulikana kufanya kazi, plasebo kwa kawaida huongezwa juu ya tiba hiyo. Lakini isome itifaki yako kwanza, usiseme kwa kukariri.

Mpe karatasi aende nazo nyumbani. Mtu aliyeambiwa leo kwamba saratani imerudi hana nafasi kichwani ya kurasa 20. Akija na ndugu, na ndugu akawa ndiye anayejibu kila swali, tafuta njia ya upole ya kubaki na mgonjwa peke yake, hata ikiwa ni wakati wa kumpima presha. Nimewahi kumsikia mzee mmoja akisema kwa sauti ya chini, mkono ukiwa ndani ya mfuko wa presha, "Mimi nimechoka, lakini watoto wanataka." Hakusaini siku ile. Tulimpeleka kwa daktari wa tiba shufaa, yaani tiba ya kupunguza maumivu na mateso, na nikakaa na watoto wake kuwaeleza kwamba uamuzi ni wake.

Kuhusu kujitoa, usiishie kusema "unaweza kuacha wakati wowote". Mweleze kwamba kuna njia zaidi ya moja. Anaweza kuacha dawa lakini akaendelea kufuatiliwa. Anaweza kuacha kuja kliniki lakini akaruhusu taarifa za faili lake zisomwe. Anaweza kuacha vyote. Asipojua hili, mtu aliyechoshwa na dawa anatoweka kabisa, simu haishikwi, nawe hujui kama yuko salama.

Soma naye kwa utulivu kipengele cha sampuli: damu na nyama zake zitahifadhiwa wapi, kwa muda gani, zitatumika kwa tafiti nyingine au la. Mwaka 1951 huko Baltimore, Marekani, seli za uvimbe wa Henrietta Lacks zilichukuliwa bila yeye kuombwa ruhusa. Zikazalishwa maabara duniani kote, na familia yake ikaja kujua zaidi ya miaka 20 baadaye. Kile kisanduku kidogo cha "ndiyo" na "hapana" kwenye fomu kina historia hiyo nyuma yake. Mgonjwa atie alama kwa mkono wake.

Kabla ya saini, hakuna kipimo chochote cha utafiti kinachofanyika. Hata chupa moja ya ziada ya damu "kwa kuwa sindano tayari imo". Na taarifa mpya ya madhara ikija katikati ya utafiti, fomu mpya itatoka, nawe utarudi kukaa naye tena.

Hatua ya 4: Siku ya dawa

Mpime uzito mwenyewe, usiuchukue wa mara iliyopita. Dozi nyingi za saratani hupigwa hesabu kwa uzito au eneo la mwili, na itifaki nyingi hutaka hesabu irudiwe uzito ukibadilika kwa asilimia 10. Mtazame pia huyo mtu anayepimwa. Kilo zilizoongezeka kwa mgonjwa aliyekonda mabega huku tumbo likijaa si mwili, ni maji, na daktari anapaswa kulijua hilo kabla dozi haijaandaliwa.

Linganisha damu ya leo na viwango vya itifaki. Hakiki mfuko wa dawa na mwenzako, namba ya mshiriki kwa sauti. Kaa karibu dawa inapoanza kuingia. Kwa dawa mpya, dakika za kwanza ndizo zenye mzio. Kwa dawa zinazounguza nyama zikivuja nje ya mshipa, kama doksorubisini, mwambie mgonjwa akuite hata akihisi kuwasha kidogo tu, asione haya.

Kisha zinakuja sampuli za muda, ambazo kwa wauguzi wengi ni jambo geni. Utafiti unataka kujua dawa inapandaje na kushukaje kwenye damu, hivyo utatoa damu kabla ya dozi, halafu labda dakika 30, saa 1, saa 2, saa 4, saa 8 na saa 24 baadaye. Toa damu kwenye mkono mwingine, si ule wenye dripu, la sivyo utapima dawa iliyo kwenye mpira badala ya iliyo mwilini. Tumia saa moja tu, ile ya ukutani au ya mkononi, tangu mwanzo hadi mwisho. Bandika lebo palepale kitandani. Tazama kama chupa inakwenda kwenye barafu, inazungushwa kwenye mashine ndani ya dakika ngapi, na inaingia kwenye friza ya nyuzi 70 au 80 chini ya sifuri.

Kosa langu la mwaka wa kwanza lilikuwa hapa. Ratiba ilisema dakika 30. Mshipa ulisumbua, damu ikatoka dakika ya 41, nami nikaandika 30 kwa kuwa ndiyo iliyochapwa kwenye fomu. Sikudhani ni uongo. Nilidhani najaza nafasi. Mtaalamu wa takwimu aligundua mstari wa mgonjwa yule umekaa vibaya kwenye chati na akapiga simu kuuliza. Dakika ya 41 ikiandikwa 41 haina shida yoyote, kompyuta inaihesabu hivyohivyo. Ikiandikwa 30, inamfanya mtu aamini kwamba dawa inatoka mwilini haraka kuliko ukweli, na dozi ya mgonjwa anayefuata inaweza kuamuliwa juu ya hilo. Tangu hapo naandika saa mara damu inapoingia kwenye chupa, kabla sijafunga bandeji.

Hatua ya 5: Uliza madhara kwa namna itakayokupa jibu

Ukiuliza "unaendeleaje?", utajibiwa "nzuri, namshukuru Mungu". Ni jibu la adabu, wala si taarifa.

Madhara katika utafiti wa saratani hupewa madaraja 1 hadi 5 kwa kutumia CTCAE, mwongozo wa Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani. Daraja la 1 ni dogo, la 2 la wastani, la 3 kali, la 4 linahatarisha maisha, la 5 ni kifo. Chukua kuhara. Choo kikiongezeka chini ya mara nne kwa siku kuliko kawaida yake, ni daraja la 1. Kikiongezeka mara nne hadi sita, la 2. Mara saba au zaidi, la 3. Ona maneno "kuliko kawaida yake". Kama hukuuliza kabla ya dawa mtu huyu huenda choo mara ngapi, huna cha kulinganisha nacho. Kwa hiyo siku ya kwanza kabisa andika choo chake, usingizi wake, maumivu yake, ganzi ya vidole, uzito wa uchovu. Siku hiyo utaona ni maswali mengi mno, lakini wiki ya sita ndiyo yatakayokusaidia.

Mimi huuliza kwa vitendo. Juzi uliamka mara ngapi usiku kwenda chooni? Vifungo vya shati umefunga mwenyewe leo? Kijiko cha chakula kinapita bila kuuma? Tangu tuonane, kuna siku ulishindwa kuamka kitandani? Mtu anayesema hana ganzi huonekana akihangaika na kifungo.

Tenganisha ukali na uzito wa kuripoti, maana vinachanganywa mno. Uchovu wa daraja la 3 unaweza kuwa mkali lakini usihitaji taarifa ya dharura. Homa ya daraja la chini iliyomlaza mgonjwa hospitali usiku mmoja ni tukio zito, hata kama kesho yake alirudi nyumbani akicheka. Tukio zito ni kifo, hatari ya kifo, kulazwa au kurefushwa kulazwa, ulemavu wa kudumu, au kasoro kwa mtoto aliyezaliwa. Tafiti nyingi hutaka mdhamini, yaani kampuni au taasisi inayoendesha utafiti, ajulishwe ndani ya saa 24 tangu kitengo kipate habari, na saa hizo huanza kuhesabiwa pale wewe unapoambiwa kwenye simu, usisubiri faili liletwe. Tuma ulichonacho, mengine yatafuata.

Homa isisubiri asubuhi. Baada ya tiba nyingi za kemikali, chembe nyeupe hushuka chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14. Joto likifika 38.3 mara moja, au likikaa 38 kwa zaidi ya saa moja, mgonjwa aje, na lengo ni antibiotiki iingie ndani ya saa moja tangu afike. Mwambie apime joto kabla ya kumeza parasetamoli, kwa sababu parasetamoli huificha homa wakati maambukizi yanaendelea kupanda. Na apewe kadi yenye jina la utafiti na namba ya simu, ili muuguzi wa zamu wa hospitali yoyote ajue yuko na mtu wa aina gani.

Dawa zinazoamsha kinga ya mwili zina tabia yake. Kinga iliyofunguliwa dhidi ya uvimbe inaweza kugeukia utumbo, mapafu, ini, tezi ya shingo, hata tezi iliyo chini ya ubongo. Kuhara kwake hakutulizwi tu kwa vidonge vya kufunga choo. Mara nyingi huhitaji steroidi, dawa za kutuliza kinga hiyo. Na madhara haya yanaweza kuja miezi kadhaa baada ya dozi ya mwisho, wakati mgonjwa ameshaacha kuyahusisha na dawa. Kikohozi kikavu kipya au uchovu wa ghafla kwa mtu aliyewahi kupata dawa hizi ni simu ya leo leo. Kwa tiba ya seli T, yaani chembe za kinga zilizobadilishwa maabara ili zishambulie saratani, ambayo ya kwanza iliidhinishwa Marekani mwaka 2017, tunampa mgonjwa kalamu kila siku aandike sentensi, ileile siku zote. Mwandiko ukianza kuyumba, ubongo umeanza kuguswa, wakati mwingine kabla yeye wala ndugu hawajaona kitu kingine.

Kama kuna anayedhani kuuliza huku ni utaratibu tu, upo utafiti wa Ethan Basch na wenzake, uliochapishwa mwaka 2017. Wagonjwa 766 wenye saratani iliyosambaa waligawanywa: wengine walifuatiliwa kama kawaida, wengine waliripoti dalili zao kwenye kompyuta, na dalili ikizidi ujumbe ulimfikia muuguzi. Walioripoti waliishi kwa kadirio la kati (nusu yao waliishi zaidi ya hapo) la miezi 31.2, wengine 26. Dawa mpya iliyoongeza miezi mitano ingesherehekewa. Hapa hapakuwa na dawa mpya. Palikuwa na mtu wa kusoma ujumbe na kupiga simu.

Hatua ya 6: Vidonge vya nyumbani

Mwambie arudishe chupa zote, hata tupu, hata zenye vidonge vilivyobaki. Hesabu mbele yake, kwa trei, bila uso wa polisi. Vikizidi, sema: "Vimebaki vinne. Wengi huwa inawatokea. Ilikuwaje?" Utaambiwa ukweli: alitapika, alisafiri, aliogopa, au alimpa jirani mwenye ugonjwa kama wake. Ukikunja uso, mara ijayo vidonge vitahesabiwa nyumbani kwanza na vya ziada vitatupwa, nawe utapata namba safi isiyo ya kweli.

Kwenye daftari la kumezea dawa kuna mtego wa lugha yetu. Fomu imechapwa 08:00 na 20:00. Mgonjwa anaandika "saa 2" na "saa 2". Anayeingiza taarifa kwenye kompyuta, asiyehesabu saa kwa Kiswahili, anaona saa nane usiku na kushangaa. Kubalianeni tangu siku ya kwanza: aandike "asubuhi" na "usiku" pembeni, nawe ugeuze mbele yake na kuweka saini.

Uliza dawa za mitishamba kama unavyouliza chumvi kwenye chakula, bila lawama. Baadhi ya mitishamba, na hata juisi ya balungi, hubadilisha kasi ya mwili kuvunja dawa, na kiwango cha dawa kwenye damu kikapanda bila dozi kuongezwa.

Hatua ya 7: Maandishi

Andika papo hapo, kwa jina lako, na ukikosea piga mstari mmoja ili kilichokuwepo kisomeke, weka tarehe na herufi za jina lako. Hakuna wino mweupe wa kufutia, hakuna kunakili upya ukurasa ili upendeze. Mkaguzi wa mdhamini akija, mwonyeshe kosa kabla hajaliona. Jambo lililofanyika kinyume cha itifaki liripotiwe kama lilivyo. Kamati ya maadili imezoea makosa, haizoei kufichwa.

Hatua ya 8: Siku ya picha, na siku ya kutoka

Uvimbe hupimwa kwa kanuni za RECIST. Jumla ya vipimo ikipungua kwa asilimia 30 au zaidi tangu mwanzo, uvimbe umeitikia dawa. Ikiongezeka kwa asilimia 20 kutoka kiwango cha chini kabisa kilichofikiwa, na ongezeko likiwa angalau milimita 5, au uvimbe mpya ukionekana, ugonjwa umesonga na kwa kawaida dawa ya utafiti husimama. Wapo watakaosimamishiwa dawa wakati wanajisikia vizuri kuliko mwezi uliopita. Mwandae mapema, tangu kwenye ridhaa: "Picha inaweza kusema jambo ambalo mwili wako bado haujalisema."

Siku hiyo usimpangie mgonjwa mwingine baada yake. Daktari akishatoa habari, keti. Wengi watauliza kama wameuharibu utafiti. Waambie hapana, na waeleze kwa nini: kujua dawa imefanya kazi kwa muda gani na kwa nani imeshindwa ni sehemu ya jibu lililokuwa likitafutwa.

Kabla hajatoka, hakikisha mambo matatu yameandikwa kwenye karatasi atakayoondoka nayo. Nani anaendelea kumtibu na lini. Madhara gani bado yanaweza kujitokeza, na apige namba ipi. Tafiti nyingi huendelea kukusanya madhara kwa siku 30 baada ya dozi ya mwisho, na nyingine kwa siku 90. Na kama anataka kuambiwa matokeo ya utafiti yakitoka, pengine baada ya miaka, apigiwe yeye au nani mwingine akiwa hayupo. Swali hilo la mwisho liulize kwa sauti ya kawaida, ukimtazama. Wengi hutaja jina la mtoto. Liandike na namba yake ya simu ndani ya jalada la faili, mahali ambapo muuguzi atakayekuja baada yako ataliona bila kutafuta.